Mashimelo yenye vitamini kutoka Wete: shajara ya mradi

6 Julai 2024: Lengo na pipi ya msingi

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya vikundi vingine vya Unguja na Pemba vinavyotaka kutengeneza pipi laini za povu, yaani mashimelo, zilizoongezwa virutubisho. Kikundi chetu kipo Wete na kwa miaka kadhaa kimekuwa kikipika halua na ubuyu wa sukari, kwa hiyo majiko, sufuria na wateja tulikuwa navyo kabla ya kuanza. Tunataka pipi ambayo mtoto wa skuli ataipenda kwa ladha yake, yenye kiasi kidogo cha vitamini C, karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na madini ya zinki, na vitu hivyo viwe bado vimo ndani yake siku mtoto anapoila. Sharti hili la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Upishi mmoja wa msingi una sukari gramu 500, sirapu ya glukosi gramu 250, maji mililita 220 na jelatini gramu 35. Jelatini hulowekwa katika sehemu ya maji baridi. Sukari, glukosi na maji yaliyobaki huchemshwa hadi kipimajoto kionyeshe nyuzi 115, kisha huachwa kupoa kidogo, huchanganywa na jelatini na kupigwa kwa mashine ya keki mpaka povu liwe jeupe na zito. Hulazwa usiku mzima kwenye trei iliyonyunyizwa wanga wa mahindi, na kukatwa asubuhi. Tunapata pipi zipatazo 145 za gramu 6 kila moja. Jelatini nyingi ya viwandani duniani hutokana na ngozi ya nguruwe, kwa hiyo tuliagiza Dar es Salaam ile ya ng'ombe yenye cheti cha halali, kwa shilingi 50,000 kilo moja.

Mapishi ya mwanzo yalikuwa na tatizo ambalo lilichukua muda kueleweka. Povu lilipanda siku moja na siku nyingine likakataa, ingawa vipimo vilikuwa vilevile. Chanzo kilikuwa samli. Bakuli na michapo vilioshwa pamoja na vyombo vya halua, na utando mwembamba wa samli uliobaki ulitosha kuzuia povu lisishike. Sasa vyombo vya mashimelo vimetengwa, na kabla ya kila upishi hufutwa kwa maji ya moto na siki. Wapishi wa halua watakaofuata kazi hii waanze na jambo hilo.

20 Julai 2024: Virutubisho tulivyoviacha

Orodha ya awali ilikuwa na vitamini A, B1 na C, asidi ya foliki, madini ya chuma, zinki na madini joto. Kabla ya kununua chochote tulikwenda kutazama jinsi watoto wanavyokula pipi wakati wa mapumziko ya skuli. Bibi mmoja anayeuza kashata, visheti na pipi karibu na lango alituuliza tunataka mtoto ale ngapi kwa siku, nasi tukamjibu kuwa hesabu yetu ni moja. Akatuambia, “Mwanangu, moja hiyo ya kuonjea tu. Mwenye mia tano hazimtoshi, na siku ya Idi usiulize.”

Maneno hayo yakawa kanuni ya mradi. Pipi hailiwi kwa kipimo kama dawa. Kipimo chake ni fedha aliyonayo mtoto. Kila tunachokiweka lazima kibaki salama hata kama mtoto wa miaka minne amekula pipi kumi kwa siku moja, na kisichopita mtihani huo hakiingii, hata kiwe kinahitajika namna gani.

Vitamini A iliyo tayari, yaani retinoli, haikupita. Mtoto wa miaka minne hadi minane anahitaji kiasi cha mikrogramu 400 kwa siku, na kiwango cha juu kinachokubalika kwake ni mikrogramu 900, hivyo nafasi kati ya haja na ziada ni ndogo. Aidha, watoto walio chini ya miaka mitano hupewa matone ya dozi kubwa mara mbili kwa mwaka, na mafuta ya kupikia ya viwandani nayo huongezwa vitamini hiyo. Karotini haina hatari hiyo, kwa sababu mwili huigeuza kwa kadiri ya haja yake, na mtoto anayeila kwa wingi huishia kupata ngozi ya njano inayorudi katika hali yake baadaye. Madini joto tuliyaacha kwa kuwa yamo katika chumvi. Vitamini B1 ilikuwa na harufu ambayo hakuna iliki iliyoweza kuifunika.

Uamuzi kuhusu madini ya chuma ulijadiliwa kwa muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu upungufu wa damu ni tatizo tunalolijua majumbani mwetu na ndilo lililowavuta baadhi yetu katika mradi huu. Lakini Pemba ina historia yake katika jambo hili. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa na kuchapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet uliwapa watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35 chuma na asidi ya foliki kila siku, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa Agosti 2003, kwa kuwa watoto waliopewa chuma walilazwa hospitali au kufariki kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Malaria ilikuwa nyingi kisiwani wakati huo. Katika kundi dogo ambalo watoto walipimwa na malaria yao kutibiwa mapema, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Tangu wakati huo malaria imepungua sana Zanzibar, na chuma kinachotolewa kliniki kwa kupimwa kina nafasi yake. Pipi, hata hivyo, hununuliwa bila kupimwa damu, na chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto mdogo. Kwa hiyo chuma hakimo, na asidi ya foliki iliyotolewa pamoja nacho tuliiondoa vilevile. Zinki ilijaribiwa Pemba katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2007 na haikuonyesha madhara ya namna hiyo, nasi tukaibakiza kwa kiasi kidogo.

Kila pipi imepangiwa miligramu 5 za vitamini C, miligramu 0.5 za zinki na miligramu 0.24 za karotini. Kwa mtoto wa miaka minne hadi minane, pipi kumi ni sawa na mara mbili ya mahitaji yake ya vitamini C, ambayo ziada yake hutoka kwa mkojo, na ni kiasi cha mahitaji ya zinki ya siku moja, yaani miligramu 5, chini ya kikomo cha miligramu 12.

10 Agosti 2024: Mizani na uchanganyaji

Kwa upishi mmoja, zinki inayohitajika haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Mizani ya jikoni haioni kitu kama hicho. Tulinunua mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kwa shilingi 45,000, na hicho ndicho kifaa ambacho mradi huu hauwezi kufanyika bila yake. Anayekisia vitamini kwa ncha ya kijiko asianze kabisa.

Kupima peke yake hakutoshi. Unga wa robo gramu ukitupwa juu ya povu zito haufiki kila mahali. Tulilibaini hilo kwa kutumia rangi ya chakula ya unga badala ya vitamini: baada ya kupiga kwa dakika mbili pipi zilikuwa na mabaka mekundu upande mmoja na weupe mtupu upande wa pili. Kama ingekuwa zinki, mtoto mmoja angekula sehemu ya wenzake. Dawa ya tatizo hilo ni kuchanganya kwa kuongeza maradufu: unga wa virutubisho huchanganywa na sukari ya unga ya kiasi kilekile, kisha mchanganyiko huo na sukari nyingine iliyo sawa nao, na kuendelea hivyo mpaka zifike gramu 40. Hizo huyeyushwa katika vijiko vichache vya maji yaliyochemshwa na kupoa, na kumiminwa taratibu mashine ikiwa inapiga, kabla povu halijakaza. Jaribio la rangi lililorudiwa kwa namna hiyo lilitoa pipi za rangi moja pembe hadi pembe.

Salfeti ya zinki, ambayo ni rahisi kupatikana, iliacha ladha ya chuma na kukausha ulimi. Oksidi haina ladha lakini haiyeyuki katika maji, na tindikali ya matunda ikiifikia huanza kuyeyuka, na ladha ileile hurudi. Glukoneti ya zinki ndiyo iliyokubalika. Ina zinki asilimia 14 hivi, kwa hiyo upishi mmoja huchukua gramu 0.52.

7 Septemba 2024: Papai na karoti

Tulitamani karotini itoke katika mazao yetu. Papai lililoiva vizuri lilisagwa bila kupikwa na kuchanganywa na jelatini, na asubuhi trei ilikuwa na uji mtamu ambao haukushika hata kidogo. Papai lina kimeng'enya kinachokata protini, kilekile kinachofanya nyama ngumu ilainike ikipakwa papai kabla ya kuchomwa, na jelatini ni protini. Nanasi hufanya vivyo hivyo. Papai likichemshwa vya kutosha kimeng'enya hufa na pipi hushika, ila kimeng'enya cha papai ni kigumu kufa kuliko cha nanasi, na kupasha joto kidogo tu hakukitoshi. Kwa kulichemsha kiasi hicho tulipoteza harufu yake nzuri, na maji yake yaliongeza unyevu wa pipi.

Karoti iliyokaangwa katika mafuta ya nazi ilitoa rangi ya kupendeza, kwa sababu karotini huyeyuka katika mafuta. Povu likaanguka ndani ya muda mfupi mbele ya macho yetu: kwanza lilipoteza mng'ao, kisha viputo vikaanza kuungana vikubwa kwa vikubwa, mwisho tukabaki na sirapu ya rangi ya chungwa. Ni samli ile ile kwa sura nyingine. Mafuta huvunja utando unaoshikilia kila kiputo.

Unga wa viazi lishe vilivyochemshwa, kukaushwa na kusagwa haukuangusha povu, lakini wanga wake ulifanya pipi iwe nzito na yenye kunata menoni. Tuliishia kwenye unga wa karotini wa kiwandani uliotengenezwa uchanganyike na maji, wenye karotini asilimia 10, gramu 0.35 zinatosha upishi mzima. Inaniuma kwamba mazao ya shamba yameshindwa hapa, maana viazi lishe vinastawi kwetu. Mtoto atakula kiazi chenyewe nyumbani, na hicho ni bora kuliko pipi yoyote.

19 Oktoba 2024: Ubuyu na mwani

Unga wa ubuyu una vitamini C na uchachu ambao watoto wa hapa wanaupenda tangu utotoni. Uliingizwa mapema, sirapu ikiwa bado ya moto, na pipi zikalegea, kwa sababu tindikali na joto kwa pamoja hudhoofisha jelatini. Sasa huchekechwa kwa kitambaa chepesi ili mchanga wake utoke na kutiwa mwishoni, povu likiwa vuguvugu, gramu 25 kwa upishi. Vitamini C iliyomo ndani ya ubuyu hatuihesabu. Inatofautiana mno kati ya mbuyu na mbuyu na hupungua ubuyu ukikaa, kwa hiyo ubuyu ni kwa ladha, na vitamini inayoandikwa ni ile tuliyoipima wenyewe.

Mwani ulitupa matumaini makubwa kuliko yote. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 na kimeendelezwa zaidi na wanawake. Mwani mwembamba unaolimwa sana, spinosamu, hutoa karajinani, yaani ute laini unaoganda na kustahimili joto kuliko jelatini. Tuliuosha, tukauloweka, tukauchemsha na kuuchuja, tukapata ute mzuri. Peke yake uliganda lakini haukushika povu, maana jelatini hufanya kazi mbili, ya kutoa povu na ya kuganda, na ute wa mwani hufanya moja. Tulipouchanganya na jelatini povu lilipatikana na pipi ilisimama imara hata nje ya kivuli. Kisha tukatia ubuyu. Mchanganyiko ukakatika mabonge kama maziwa yaliyotiwa ndimu, kwa sababu katika uchachu jelatini na karajinani hushikana na kutengana na maji. Lazima kuchagua ubuyu au mwani. Kuna sababu nyingine ya kuacha mwani katika pipi hii: una madini joto ambayo kiasi chake hatuwezi kukidhibiti kwa kuupika wenyewe. Tumechagua ubuyu. Kikundi kitakachotaka pipi ya iliki au vanila isiyo na uchachu kitumie karajinani iliyosafishwa kiwandani, na nadhani kitafika mbali kuliko sisi.

30 Novemba 2024: Kupima kilichobaki

Vitamini C ni dhaifu mbele ya joto, mwanga na hewa, na mashimelo ni pipi ambayo zaidi ya nusu ya ujazo wake ni hewa. Hakuna umbo baya kuliko hilo la kuhifadhia vitamini hii. Kupeleka kila upishi maabara hakuwezekani kwa gharama, kwa hiyo tulitumia njia inayofundishwa skuli za sekondari. Pipi hufutwa wanga wote wa juu na kuyeyushwa katika maji ya vuguvugu, hutiwa matone machache ya uji mwepesi wa wanga, kisha dawa ya iodini ya kusafishia vidonda iliyopunguzwa kwa maji hudondoshwa tone kwa tone kwa sindano isiyo na ncha. Tone la iodini linapoanguka hufanya doa la buluu iliyoiva, na doa hilo hutoweka kikombe kikitikiswa, kwa sababu vitamini C inaila iodini. Siku zote huja tone moja ambalo rangi yake haiondoki tena, na hapo vitamini imekwisha. Idadi ya matone hulinganishwa na ile ya kidonge cha vitamini C ambacho uzito wake unajulikana.

Matokeo ya kwanza yalikuwa mazuri kupita kiasi: pipi zilionekana kuwa na vitamini nyingi kuliko tuliyoweka. Tulipopima pipi zisizo na vitamini wala ubuyu, nazo zilikula matone kadhaa. Sirapu ya glukosi mara nyingi huhifadhiwa kwa salfa dioksidi, na hiyo pia hula iodini. Tangu hapo hupimwa pipi tupu sambamba, na matone yake huondolewa katika hesabu. Ubuyu nao hupimwa kwa njia hiyohiyo.

Baada ya marekebisho picha ilibadilika. Upishi uliotiwa vitamini mwanzoni, pamoja na sirapu ya moto, ulikuwa umepoteza sehemu kubwa kabla haujakatwa. Uliotiwa povu likiwa vuguvugu ulibakiza karibu yote. Pipi hizo zilipokaa mwezi mmoja, zile za mfuko mwangavu dirishani zilibakiza chini ya nusu na rangi yao ya karotini ilififia waziwazi. Zile za mfuko wa karatasi ya fedha kabatini zilibakiza zaidi ya robo tatu. Kwa hiyo vitamini C huongezwa kwa nusu zaidi ya kiasi kinachoandikwa, gramu 1.1 kwa upishi, ili ahadi ya miligramu 5 iwe kweli hadi mwisho wa muda wa matumizi.

25 Januari 2025: Joto la kaskazi

Pipi za Julai hazikutufundisha lolote kuhusu Januari. Jelatini huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 30, na duka la bati wakati wa kaskazi hupita hapo mchana. Pipi zilizofungwa pamoja zilishikana na kuwa kipande kimoja, na unyevu wa hewa ulifanya wanga wa juu kuwa gundi.

Kuongeza jelatini kutoka gramu 35 hadi 42 kulisaidia kusimama, ila kupita hapo pipi hutafunika kama mpira. Kupika sirapu hadi nyuzi 118 kulipunguza maji ndani. Pipi sasa hukaushwa chumbani penye feni usiku kucha, kwa sababu kuzifunga zikiwa na unyevu ndiko kulikoleta sehemu kubwa ya kushikana, na hunyunyizwa mchanganyiko wa wanga uliokaushwa kikaangoni na sukari ya unga. Mfuko ni wa karatasi ya fedha, wa pipi kumi, unaofungwa kwa mashine ya joto ya shilingi 60,000. Pipi zilizofungwa hivyo hulainika mchana na kurudi umbo lake usiku bila kushikana, na muda wa matumizi tumeuweka miezi miwili. Dukani tunaomba ziwekwe ndani, mbali na dirisha, na muuzaji asiyeweza hatumpelekei.

22 Februari 2025: Gharama na maandishi ya mfuko

Upishi mmoja unagharimu hivi: sukari shilingi 1,500, sirapu 1,500, jelatini 2,100, mifuko 2,900, wanga, ubuyu na gesi kiasi cha 1,000. Vitamini C, zinki na karotini kwa pamoja hazifiki shilingi 300. Jumla ni kama shilingi 9,300, yaani karibu shilingi 64 kwa pipi, nasi huiuza dukani kwa 80 ili muuzaji aiuze kwa 100. Anayefikiri kwamba vitamini ndizo ghali ataona kwamba mfuko unaozilinda unagharimu karibu mara kumi ya vitamini zenyewe.

Wapo wataalamu wasiokubali pipi kuongezwa virutubisho. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, kwa mfano, haioni kuwa inafaa kuviongeza katika peremende na vinywaji vya gesi. Hoja hiyo tunaiheshimu, na imeamua maandishi ya mfuko wetu. Mbele pameandikwa “pipi laini ya ubuyu”, bila picha ya matunda, bila neno afya wala dawa. Viasi vya vitamini C, karotini na zinki vimo nyuma, katika maandishi ya ukubwa uleule wa kiasi cha sukari. Pameandikwa pia kwamba pipi hii si ya mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa kuwa pipi laini na nene huweza kumkaba, na kwamba meno yasafishwe baada ya kula.

Sampuli za mapishi matatu yaliyofuatana zimetengwa kwa ajili ya maabara, ili hesabu yetu ya matone ilinganishwe na kipimo cha kitaalamu kabla maombi ya usajili hayajapelekwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Zinki hatuna njia ya kuipima wenyewe, hivyo katika kila upishi zitachukuliwa pipi za pembe nne za trei na moja ya katikati. Mifuko mingine imewekwa kabatini Wete na mingine katika duka la Micheweni hadi mvua za masika ziishe, na itafunguliwa mmoja kila wiki mbili.